Kitanda cha Kambi cha Chiriku

Jumapili, 3 Agosti

Mke wangu, mwenye nyumba na mwenye neno la mwisho. Binti yangu, muuguzi, uliyetoka zamu ya usiku na bado ukakubali kuketi nasi. Kitindamimba wangu, fundi friji, uliyeletwa hapa na njaa kuliko wito. Na wewe mjukuu wangu Chiriku, uliye mdogo kwa umri lakini mwenye shauri la leo — nawasalimu nyote, na natangaza kuwa kikao kimefunguliwa.

Ndivyo nilivyosema leo baada ya chakula, neno kwa neno. Nilistaafu ujaji; tabia haikustaafu. Kitindamimba alipiga saluti kwa kijiko. Mke wangu alimnyang'anya kijiko.

Ajenda moja. Darasa la Chiriku linakwenda kambini Ijumaa ya mwisho wa mwezi, msituni, kando ya ziwa. Siku tatu. Watoto watalala kwenye mahema. Chiriku anataka kwenda.

Anataka! Niliandike hilo peke yake, maana ndilo jambo lenyewe. Tangu pikipiki imgonge mwaka jana, tangu afungwe chuma nyongani na kukaa ndani ya plasta kama barua ndani ya bahasha, mtoto huyu hajaomba kitu. Zamani alisema tangu anapofumbua macho hadi anapoyafumba — jina la Chiriku hatukumpa bure. Kisha akanyamaza. Ukimuuliza, anajibu: ndiyo, hapana, sawa. Alhamisi akaja mezani kwangu, akaweka karatasi ya mwalimu juu ya gazeti nililokuwa nasoma, akasema: Babu, nataka kwenda, nisaidie kumwambia mama.

Mama yake amepinga. Alipinga kiuguzi, kwa utulivu, kisha akapinga kimama, kwa sauti. Kwamba mguu huo haujapona sawasawa. Kwamba ardhi ya msituni ina baridi na mawe. Kwamba mtoto akishindwa kuinuka usiku, mwalimu atakuwa hema la tatu anakoroma. Kitindamimba akauliza tangu lini mkoromo umevunja mtu nyonga. Alitazamwa tu.

Nikampigia daktari, nikaweka spika wote wasikie. Daktari hana kipingamizi, ila ana masharti: asilale chini, kitanda kisibonyee katikati, na aweze kuinuka mwenyewe bila kushikwa mkono. Binti yangu akauliza kitanda cha aina hiyo kiko wapi. Nikasema kinatafutwa.

Uamuzi wa kikao: kikipatikana kitanda cha kambi ambacho mtoto atalala kwa raha, anakwenda. Kisipopatikana, haendi. Chiriku aliyapokea maneno hayo akiwa mkekani, mguu mmoja ameukunja, mwingine ameunyoosha mbele yake. Hakutabasamu. Aliniangalia kama mtu anayehesabu.


Jumanne, 5 Agosti

Dukani na mke wangu. Mahema, taa, mabuti, vikombe vya bati vinavyoingia kimoja ndani ya kingine. Mwenye duka ni mama mmoja mcheshi, mnene, mwenye miwani ya kuning'inia shingoni. Nilimweleza shauri letu kwa utaratibu. Akasema, mzee, maelezo yako ni marefu kuliko kitanda chenyewe.

Vitanda vitatu. Cha kwanza, cha turubai na miguu ya mkasi: nilipoketi tu, magoti yakaja kidevuni. Mke wangu alihitaji kunivuta kwa mikono miwili. Kimekataliwa. Cha pili, godoro la kujaza upepo. Kulala ni kama kulala juu ya mtu anayepumua. Ukigeuka, nalo lina maoni yake. Mtoto mwenye nyonga mbaya hawezi kujiinua humo. Kimekataliwa. Cha tatu: fremu ya aluminiamu, nyepesi, turubai lililokazwa kama ngozi ya ngoma, kimo cha goti la mtoto. Kinakunjwa na kuingia kwenye mfuko wa kuvaa begani.

Nilivua viatu, nikalala chali katikati ya duka, na suti yangu. Wateja wawili walisimama. Mwenye duka akawaambia wapite bila wasiwasi, huyu hajafa, anajaribu bidhaa. Mke wangu naye alilala. Akafumba macho. Akasema, ukiniudhi tena utanikuta humu.

Hakibonyei. Kimo kinafaa. Mwenye duka amesema mtoto akilala hapa hatataka kurudi kwenye kitanda chake. Tumekichukua.

Nyumbani sikuweza kusubiri hadi jioni, nimekitandaza sebuleni peke yangu. Ilinichukua muda na jasho. Mguu mmoja uligoma. Nikautisha.


Jumatano, 6 Agosti

Majaribio ya hadhara.

Kitindamimba alijitupa juu ya kitanda kama gunia — fremu ikalia, mke wangu akalia zaidi. Amesema ni kitanda cha kiume. Binti yangu alikuja bado na sare ya kazi, akasema atalala sekunde moja tu ili awe shahidi, akaweka kichwa, akasinzia hapo hapo, mdomo wazi. Tulimwacha. Hakuna tathmini ya kitaalamu iliyo bora kuliko hiyo!

Alipoamka ikawa zamu ya mtoto. Chiriku aliketi kwanza, akaleta mguu mzima, kisha akauinua ule mwingine kwa mikono, polepole, kama anapandisha kitu cha mtu. Akalala amenyooka, mikono ubavuni, macho darini. Sote tumesimama tumemzunguka. Nikauliza: vipi?

— Raha sana, Babu.

Tulipiga makofi. Watu wazima wanne tukimpigia makofi mtoto kwa kulala.

Mama yake hakupiga kwa muda mrefu. Akaweka sharti lake juu ya yale ya daktari: kitanda kiingie chumbani kwa mtoto leo, akilalie kila siku hadi siku ya safari, na akisikia malalamiko hata mara moja, safari haipo. Chumba chake na cha mtoto vinatenganishwa na ukuta wa mbao. Usiku asiokuwa zamu, atasikia kila kitu. Niliona ni sharti la haki. Nikaliidhinisha.


Ijumaa, 8 Agosti

Usiku wa kwanza, wa pili — hakuna malalamiko. Asubuhi kitanda kimetandikwa, shuka limenyooka kama karatasi. "Raha," anasema. "Raha tu."

Na anaongea! Leo wakati wa chai amenieleza hema lao litakavyokuwa: wasichana wanne, nani atakuwa karibu na mlango, nani anaogopa vyura, nani ameahidi kuleta tochi inayobadilisha rangi. Nimesahau kunywa chai. Imepoa, ikaweka utando. Mke wangu aliinamisha kichwa akaendelea kupanga sahani ambazo zilikwisha kupangwa.


Jumapili, 10 Agosti

Nimefanya jambo leo ambalo sijawahi kulifanya nikiwa kwenye kiti cha mwenyekiti.

Alfajiri niliamka kumwagilia maua kabla jua halijapanda. Mlango wa Chiriku ulikuwa umerudishwa tu. Nilichungulia, babu anavyochungulia. Kitandani hapakuwa na mtu. Shuka limenyooka. Chini, kati ya kitanda na ukuta, kwenye sakafu tupu, mtoto amejikunja juu ya sweta lake la shule, mguu mbaya ameuegemeza kwenye begi la vitabu.

Alifumbua macho kabla sijasema neno. Hakushtuka. Alinong'ona:

— Babu, usimwambie mama.

Nikauliza tangu lini. Akanyoosha vidole, akavikunja. Nikamwinua. Sakafu ilikuwa ya baridi hata kwangu niliyevaa soksi. Yeye akapanda kitandani, akalala chali, mikono ubavuni, na dakika chache baadaye mama yake alipoingia akamkuta hapo.

— Umelalaje?

— Raha.

Mchana kikao. Nikawatambua waliopo. Nikaomba taarifa ya kitanda. Binti yangu akasema, kwa sauti ya mtu anayekubali kushindwa, kwamba hajasikia kitu ukutani, huenda alikuwa na hofu ya bure. Kisha wote wakageukia kwangu. Chiriku alikuwa akichora. Penseli ilisimama.

Nikasema: sina la kuongeza.

Sina la kuongeza! Nimewahi kuwafokea mawakili kwa chini ya hapo.


Jumatatu, 11 Agosti

Kosa liko kwenye kitanda. Lazima liko kwenye kitanda. Mtoto alipokuwa shuleni nililala tena, nikapitisha mkono chini ya turubai. Kuna pau mbili za chuma zinazokatiza. Kwangu mimi ya kwanza inaangukia chini ya mbavu, na nina mgongo mpana, siisikii. Nikaweka mto, nikapima kwa urefu wa sare yake nyingine iliyokuwa kwenye kiti. Pau inaangukia nyongani. Nyongani kabisa! Sisi sote tulikijaribu kwa miili yetu mirefu, tukatoa ushahidi juu ya kitu tusichoweza kukihisi. Nilifurahi kama kijana. Nilikaa sakafuni na kufurahi.

Nikamwita kitindamimba. Alikuja na sponji nene iliyofungiwa friji mpya ya mteja, akaikata, akaibana juu ya pau kwa kamba. Fundi mzuri, japo mdomo wake haupumziki. Akauliza:

— Baba, mbona unanong'ona ndani ya nyumba yako mwenyewe?

— Sinong'oni.

— Unanong'ona. Na umefunga mlango. Dada ana habari?

Nikamwambia akate sponji. Akaikata. Lakini alinitazama kwa jicho la mama yake, na jicho hilo nalijua.

Chiriku alipotoka shule nikamlaza juu yake. Vipi sasa? "Raha, Babu. Asante, Babu." Upesi mno. Jibu limetoka kabla mgongo haujagusa turubai.


Jumatano, 13 Agosti

Alfajiri. Sakafuni tena. Sponji iko kitandani, yeye yuko chini.

Sikumwinua. Nilikaa ukingoni mwa kitanda, fremu ikalia chini yangu — na mtoto akaweka kidole mdomoni. Shh! Akanionyesha ukuta wa mbao. Nikateremka nikakaa naye sakafuni, viungo vyangu vikilalamika kuliko kitanda. Tulizungumza kwa pumzi.

— Kitanda kibaya?

— Hapana. Kizuri.

— Pau bado inakuchoma?

— Hapana, Babu. Mjomba ameirekebisha vizuri.

— Basi kwa nini uko chini?

Alifikiri. Nilimwona akichagua kama anijibu au la.

— Nikigeuka kinalia. Mama anaamka. Anakuja anauliza.

— Chini ukigeuka hakuna anayesikia.

— Ndiyo.

— Na kwa nini unageuka sana?

Alivuta uzi kwenye sweta. Kisha akaomba maji. Nilikwenda kuyaleta, na nilipofika jikoni nikasimama na glasi mkononi bila kufungua bomba. Nimekaa nikisikiliza mashahidi karibu maisha yangu yote ya kazi. Najua mtu anapoomba maji ili asijibu.


Ijumaa, 15 Agosti

Mwalimu wa darasa amepiga simu. Sauti ya kijana, ya heshima, ya haraka. Mizigo mikubwa ipelekwe shuleni Jumanne ya wiki ya safari, wapakie mapema. Kitanda cha mtoto wetu wameshakipangia nafasi, hema la wasichana, upande usio na mteremko. Alisema darasa zima linajua Chiriku anakuja na kitanda na wameshakipa jina, wanakiita ikulu. Nikacheka. Niliposhusha simu sikucheka.

Nimemwambia mke wangu. Yote: sweta, begi, maji. Alikuwa akipiga pasi. Aliweka pasi wima, akakaa.

Alisema: kumbe ndiyo maana unaamka na magoti mekundu, mimi nilidhani umezidisha sala.

Kisha hakutania tena. Alisema wewe ndiye uliyempa mtoto masharti, na wewe ndiye unayemuuliza kila asubuhi kama ameyatimiza. Ulitarajia aseme nini? Akisema panauma, anaipoteza kambi. Akisema hapaumi, anaipoteza nyonga. Akachukua pasi akairudisha chini, ilikuwa imepoa.

Nilijitetea. Kwamba daktari aliruhusu. Kwamba mtoto ameanza kuongea, na mimi sitaki kuwa mkono unaomnyamazisha tena. Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema: anaongea kuhusu vyura na tochi, mume wangu. Kuhusu mwili wake hajaongea.

Nimezunguka na maneno hayo mchana kutwa. Nikimwambia binti yangu, safari imekufa, na mtoto atajua ni babu aliyeiua. Nisipomwambia, mtoto mwenye maumivu yasiyojulikana chanzo anakwenda msituni, mbali na mama na daktari, na kitanda kizuri kando yake ambacho hatakilalia. Atasubiri wenzake walale, kisha atashuka kwenye udongo. Namjua sasa. Atashuka kimya, na asubuhi atamwambia mwalimu: raha.

Kuna njia moja tu ninayoiona. Mahakamani tuliitumia kwa shahidi aliyekuwa na cha kupoteza. Lakini kule nilikuwa na sheria nyuma yangu. Hapa nina neno langu tu.


Jumapili, 17 Agosti

Kikao kilianza saa nane. Naandika kikiwa kimesimama kwa muda. Wao wako sebuleni, mimi niko kwenye meza yangu, na mlango uko wazi.

Nilifungua kwa salamu, fupi kuliko kawaida. Kisha nikasema kabla ya taarifa nyingine mwenyekiti ana taarifa yake. Nikaitoa nikiwa nimesimama. Kwamba tangu Jumapili iliyopita najua mtoto halali kitandani. Kwamba niliulizwa hapa, mbele ya wote, nikasema sina la kuongeza, na nilikuwa nalo.

Binti yangu hakuelewa mara moja. Alimtazama mtoto, akanitazama.

— Kama halali kitandani, analala wapi?

— Sakafuni.

— Baba!

— Naomba unisikilize.

— Wiki nzima, Baba? Mimi usiku nazunguka wodini nawafunika watoto wa watu, wangu yuko sakafuni na wewe unajua?

Kitindamimba aliinua mkono kama darasani, akasema kwa kweli yeye alishuku, maana Baba alikuwa ananong'ona. Dada yake akamwambia afunge mdomo kabla haujafungwa. Mke wangu akasema: mwacheni baba yenu amalize, nanyi mtamsulubu baadaye, muda upo.

Chiriku alikuwa mkekani. Hakulia. Alikuwa ananiangalia, na nitalikumbuka jicho lile. Lilisema: wewe pia.

Nikaendelea. Nikasema kikao hiki kilikosea tangu siku ya kwanza, na aliyekiongoza ni mimi. Tulitafuta kitanda cha raha, tukamfanya mtoto awe shahidi wa raha yake, tukamwambia tangu mwanzo kwamba akisema ukweli ataadhibiwa. Nikasema, kwa hiyo, kwa mamlaka niliyopewa na nyumba hii, na kama sikupewa basi najipa leo: lolote ambalo Chiriku atasema sasa kuhusu mwili wake halitatumiwa na yeyote kati yetu kumnyima safari. Si mimi, si bibi yake, si mjomba wake, si mama yake.

Binti yangu akasema huwezi kuahidi hivyo.

— Nimeshaahidi.

— Baba, wewe si daktari. Hata mimi si daktari. Akisema ana maumivu, mimi nimfungie mkoba nimpungie mkono?

— Akisema, kwanza tutakuwa tumejua. Leo hatujui.

Aligeuka kutazama upande wa vyumba, kule kwenye ukuta wa mbao, kisha akatoka kwenye kiti, akaenda kukaa mkekani kando ya mtoto wake. Akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwa nimeisikia tangu yeye mwenyewe alipokuwa wa umri ule: haya, mama. Nami naahidi.

Chiriku akaiweka penseli chini.

Hakuanza na kitanda. Alianza na mguu.

Alisema panawaka ndani, hapa, mahali pa chuma. Si usiku tu. Tangu siku chache baada ya kutolewa plasta. Kwamba kwenye kitanda chake cha zamani ilikuwa hivyo hivyo, ila kile ni kizito, hakilii, kwa hiyo hatukujua. Kwamba ngazi za shule anazipanda watu wote wakishapita. Kwamba wakati wa mapumziko humwambia mwalimu anachora — na kweli huchora, ana michoro mingi, hakuna anayeiomba. Kwamba akilala upande wa mguu mzima, panawaka. Chali, panawaka kidogo. Na akiuweka mguu juu ya begi, hapo ndipo huweza kuhesabu hadi usingizi uje. Kwamba alitaka kambi kwa sababu kule usiku watu wote hukaa macho wakipiga hadithi, na yeye asingekuwa peke yake macho.

Aliongea. Aliongea kuliko alivyoongea mwaka mzima, bila kupumzika, maneno yakikanyagana, kama zamani! Kama zamani kabisa. Kitindamimba alikuwa amejifunika uso kwa viganja. Mama yake alikuwa ameweka vidole nyongani mwa mtoto, vidole vya kazi, akibonyeza na kuuliza hapa, na hapa, na hapa. Mahali pamoja mtoto alinyamaza katikati ya neno. Binti yangu akaondoa mkono polepole. Akaweka shavu lake juu ya kichwa cha mwanawe ili asimwone uso. Mimi niliuona.

Niliahirisha kikao.

Binti yangu ametoka kupiga simu barazani. Nilimsikia akitumia maneno ya kikazi, moja baada ya jingine, imara. Amerudi. Daktari anasema asubuhi na mapema, waje na picha za zamani, na mtoto asile kitu tangu leo usiku. Asile kitu. Sote tuliokaa hospitali mwaka jana tunajua maana yake: huenda akapasuliwa tena. Chiriku naye anajua. Ameuliza jambo moja tu:

— Babu, umeahidi, eeh?

Nimeahidi. Na sasa nauona ufa kwenye maneno yangu mwenyewe, ule ambao wakili yeyote mchanga angeuona: niliwafunga waliokuwa chumbani. Daktari hakuwa chumbani.

Mke wangu ameniita. Wamekaa. Nimesimama mlangoni, karatasi hii mkononi, na haya ndiyo niliyowasomea sasa hivi:

Kikao kinaamua kama ifuatavyo. Kesho asubuhi tunakwenda sote. Binti yangu ataomba ruhusa kazini leo hii. Kitindamimba ataleta gari kabla jua halijachomoza, na ataacha utani nyumbani kwake. Chiriku ndiye atakayemweleza daktari, kwa mdomo wake, kama alivyotueleza, na hakuna mtu mzima atakayemkatiza wala kumsaidia maneno. Jina lake halifutwi kwa mwalimu. Kama kuna wa kumwambia haendi, ni daktari, uso kwa uso naye, na atampa sababu, na sisi tutakuwa tumesimama upande wa mtoto tunapozisikia. Kitanda kinakwenda nasi. Daktari amwone akikilalia, amwone akiinuka.

Kitindamimba akasema, hospitali kuna vitanda tele, Baba. Hakusema kwa utani, alitaka tu pawe na mtu anayesema kitu.

Nimeuliza kama kuna pingamizi. Chiriku ameshika ukingo wa kiti, ameinuka mwenyewe, amekwenda chumbani kukikunja. Mama yake amesimama kizingitini. Hajamsaidia. Hajamzuia. Amenigeukia, na nimeona midomo yake ikisogea kabla sauti haijatoka: Baba, na tukiambiwa abaki hospitali kesho hiyo hiyo, ile ahadi yetu —